Utafiti wa jenetiki ya Alzheimer: njia sita za mbele, na namna ya kuchagua yako

Mwanafunzi wa uzamivu anayetafuta mada, maabara ndogo yenye fedha za miaka mitatu na mfadhili mwenye rundo la maombi mezani wanajiuliza swali moja: utafiti wa jenetiki ya Alzheimer uelekee wapi sasa? Jibu la haraka huwa ni kutafuta jeni mpya. Kwa maoni yetu hilo ndilo jibu lenye faida ndogo kuliko yote.

Orodha ya jeni tunayo tayari. Kati ya 1991 na 1995 zilijulikana jeni tatu zinazosababisha ugonjwa huu kurithiwa moja kwa moja katika familia: APP kwenye kromosomu ya 21, PSEN1 kwenye kromosomu ya 14 na PSEN2 kwenye kromosomu ya 1. Wagonjwa wa aina hiyo hawafiki asilimia 1 ya wagonjwa wote. Mwaka 1993 ikaja APOE ya kromosomu ya 19, ambayo mpaka leo haijapata mpinzani miongoni mwa jeni za ugonjwa unaoanza uzeeni. Mwaka 2009 zikaongezeka CLU, PICALM na CR1, na kufikia 2022 uchunguzi mmoja mkubwa ulikuwa umefikisha maeneo 75 ya jenomu (vinasaba vyote vya mtu) yanayohusishwa na ugonjwa.

Kinachokosekana ni mwelekeo. Kwa mengi ya maeneo hayo hatujui ni jeni ipi hasa inayohusika, inafanya kazi katika seli gani, na je, ili kumlinda mtu, kazi yake iongezwe au ipunguzwe? Bila jibu la swali hilo la mwisho, hakuna dawa. Hata jibu likiwapo halitoshi peke yake. Kibadala (tofauti ya kinasaba kati ya mtu na mtu) cha R47H katika jeni ya TREM2, kilichotangazwa mwaka 2012, hupunguza kazi ya TREM2 na kuongeza hatari ya ugonjwa takriban mara tatu. Kwa mantiki hiyo ikatengenezwa kingamwili ya kuiamsha TREM2, iliyoitwa AL002. Novemba 2024 ikatangazwa kwamba jaribio la awamu ya pili halikupunguza kasi ya ugonjwa. Jenetiki ilionyesha upande, lakini haikusema ni katika umri gani wa ugonjwa msukumo huo unafaa.

Basi kipimo tutakachotumia kulinganisha njia hizi sita ni hiki: kila njia inakuambia nini kuhusu mwelekeo, inadai sampuli ngapi, na huharibika wapi.

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni mgonjwa

Hili linatangulia njia zote, na ndilo linaloua tafiti nyingi kimyakimya. Utambuzi wa kliniki peke yake hukosea. Katika majaribio ya dawa ya bapineuzumab, yaliyofanyika kabla kipimo cha amiloidi (protini inayorundikana ubongoni mwa wagonjwa wa Alzheimer) hakijawa sharti la kuingia, zaidi ya theluthi ya wagonjwa wasio na APOE4 (toleo la APOE linaloongeza hatari) waliopigwa picha ya PET inayoonyesha amiloidi hawakuwa na amiloidi ya kutosha kuitwa wagonjwa wa Alzheimer.

Piga hesabu uone uzito wake. Ukiwa na wagonjwa 10,000 na robo yao wana ugonjwa mwingine, tofauti ya vibadala kati yao na wasio wagonjwa hushuka hadi asilimia 75 ya ilivyo kweli. Taarifa hupungua kwa mraba wa hiyo, yaani hadi asilimia 56. Umelipia watu 10,000, umepata kazi ya watu 5,600.

Kundi la ulinganisho nalo lina uchafu wake. Kati ya wazee wenye akili timamu waliovuka miaka 70, sehemu isiyopuuzika tayari ina amiloidi ubongoni. Siku hizi kipimo cha p-tau217 (aina ya protini ya tau inayopanda kwa wenye ugonjwa huu) katika plazma kimerahisisha kazi: damu kwenye kichupa cha EDTA, izungushwe na kutenganishwa ndani ya saa chache, plazma igawanywe katika vichupa vidogo na kugandishwa kwenye nyuzi −80. Usiyeyushe na kugandisha tena na tena. Pima na kreatinini, kwa sababu figo zilizochoka hupandisha p-tau217 hata kwa mtu asiye na ugonjwa huu. Majibu yatakayoangukia katikati, si juu wala chini, yahitaji maji ya uti wa mgongo au PET. Usiyalazimishe kuingia upande mmoja.

Kuna ishara inayofaa kukumbukwa: jeni za GRN na TMEM106B, zinazojulikana zaidi katika magonjwa mengine ya ubongo, yale ya protini ya TDP-43, zilijitokeza kwenye orodha ya 2022. Huenda kweli zinachangia Alzheimer. Huenda pia zimeingia kwa sababu wazee wengi waliowekwa kwenye kundi la wagonjwa wana TDP-43 pia ubongoni.

Njia ya kwanza: kuongeza sampuli katika uchunguzi wa jenomu nzima

Hii ndiyo GWAS. Chukua vibadala mamilioni, linganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, kubali kile tu kinachovuka kizingiti cha 5×10⁻⁸, yaani kisichoelekea kuwa bahati tu. Mwaka 2013 watu 74,046 walizaa maeneo mapya 11. Uchunguzi wa 2022 ulitumia wagonjwa 111,326, halisi na wa kuwakilisha (watoto wa wagonjwa, kama tutakavyoona), na watu 677,663 wa ulinganisho, ukapata mapya 42.

Kwa nini idadi hupaa hivyo? Kibadala cha kawaida, chenye aleli (nakala za toleo hilo) 30 kati ya 100 na kinachoongeza uwezekano wa ugonjwa kwa asilimia 10, kinahitaji watu wapatao 42,000, nusu yao wagonjwa, ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kukiona. Kibadala cha aleli 1 kati ya 1,000 kinahitaji zaidi ya watu 100,000 hata kama kinaongeza uwezekano maradufu. Tulichobakiza kuvuna kwa njia hii ni vibadala vya athari ndogo zaidi au vya nadra zaidi, na vyote viwili ni ghali.

Hapo ndipo watafiti walipokimbilia wagonjwa wa kuwakilisha: mtu mzima wa makamo, asiye mgonjwa, anayesema mama au baba yake alipata ugonjwa wa kusahau. UK Biobank, hifadhi kubwa ya takwimu za afya na vinasaba ya Uingereza, imetumika sana hivyo. Kwa kuwa mtoto hurithi nusu tu, athari huonekana nusu, na mtu mmoja wa aina hii ana thamani ya robo ya mgonjwa halisi. Hilo lingevumilika. Lililo baya ni kwamba jibu la mtoto hubeba mambo mengine: mzazi aliyefariki akiwa na miaka 60 huhesabiwa mzima ingawa hakufika umri wa kuugua, na anayejua jina la ugonjwa wa mzazi wake mara nyingi ndiye aliyesoma zaidi au aliyekuwa karibu na hospitali. Matokeo yakaanza kuonyesha uhusiano kati ya Alzheimer na elimu ulio kinyume na ule unaopatikana kwa wagonjwa waliopimwa. Ukitumia takwimu hizi kujenga alama ya hatari au kutafuta visababishi, chukua zile zilizotengwa za wagonjwa waliogunduliwa kliniki.

Kuhusu mwelekeo, njia hii inasema machache. Vibadala vingi vinavyopatikana viko nje ya sehemu zinazotengeneza protini, kwa hiyo hujui hata jirani yupi ndiye mhusika. Kwa maabara ndogo, kuanzisha GWAS mpya ni kutwanga maji kwenye kinu. Kilicho wazi kwa mtu mwenye kompyuta na takwimu za wengine ni kromosomu ya X, ambayo chunguzi nyingi ziliiruka kwa sababu ya ugumu wa hesabu zake kati ya wanaume na wanawake.

Njia ya pili: kusoma jenomu na kutafuta vibadala vya nadra

Hapa mwelekeo huanza kuonekana. Ukikuta kwa wagonjwa jeni ya SORL1 iliyokatika, kwa wasio wagonjwa imekaa sawa, umeambiwa jambo wazi: kupungua kwa SORL1 ni hatari. Kadhalika ABCA7. Hakuna haja ya kukisia.

Gharama yake ni mavuno machache. Mwaka 2022 usomaji wa sehemu za jenomu zinazotengeneza protini kwa watu 32,558 ulithibitisha jeni zilizokwisha kujulikana na kuongeza mbili tu, ATP8B4 na ABCA1. Hesabu yake hufanywa kwa jeni nzima: vibadala vyote vinavyoharibu hujumlishwa, na kizingiti kwa jeni 20,000 ni takriban 2.5×10⁻⁶. Ikiwa watu 2 kati ya 1,000 wana uharibifu wa jeni fulani na hatari yao ni mara tatu, utahitaji watu wapatao 30,000. Hakuna kituo kimoja chenye idadi hiyo, ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa kuunganisha nguvu, kama mradi wa ADSP ulioanza Marekani mwaka 2012, ambao takwimu zake watafiti wa nje huomba kupitia hazina ya NIAGADS.

Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni kusoma wagonjwa kwa mashine moja na wasio wagonjwa kwa nyingine. Tofauti ya mashine hugeuka tofauti ya ugonjwa. Changanya makundi yote mawili katika kila fungu tangu siku ya kutoa vinasaba. La pili ni damu ya wazee yenyewe. Seli za damu za mtu wa miaka 80 mara nyingi zina ukoo mmoja wa seli uliotawala, wenye mabadiliko ya jeni za TET2 au DNMT3A ambayo hakuzaliwa nayo. Kibadala cha kuzaliwa huonekana karibu nusu ya vipande vilivyosomwa, ilhali hiki huonekana katika asilimia 10 au 20 tu, kwa hiyo weka kichujio cha uwiano huo. (Usikitupe kabisa. Mwaka 2023 ilionekana kwamba watu wenye hali hiyo ya damu wanapata Alzheimer kidogo kuliko wenzao, na hilo ni swali zuri la kujitegemea.) La tatu ni urefu wa vipande. Usomaji wa kawaida hukata vinasaba vipande vya herufi 150, na vipande hivyo havioni mirudio mirefu ndani ya ABCA7, nakala za ziada zinazobadilisha urefu wa protini ya CR1, wala kipande cha takriban herufi 900,000 kilichogeuzwa juu chini kwenye eneo la MAPT, jeni ya protini ya tau.

Kwa hayo unahitaji usomaji wa vipande virefu, wa herufi 15,000 na kuendelea. Mashine huomba vinasaba ambavyo havijakatika: damu iliyogandishwa mara moja tu, ncha za pipeti zenye mdomo mpana, na usitikise kichupa kwenye mashine ya kuchanganya. Vipande vya ubongo vilivyokaa miaka kwenye formalini havifai kabisa. Tukiulizwa wapi pa kuweka fedha za usomaji kati ya sasa na miaka mitano ijayo, tungesema hapa: jenomu chache kwa vipande virefu, katika maeneo yaleyale 75 ambayo ishara ipo na kisababishi hakijaonekana.

Njia ya tatu: jamii zilizoachwa nje

Wengi wa watu waliochunguzwa mpaka sasa wana asili ya Ulaya. Wengine huliona hilo kuwa suala la haki tu, na ni la haki kweli. Kwa kipimo chetu cha mwelekeo, hata hivyo, hii ndiyo njia yenye mavuno makubwa kwa kila sampuli moja, na APOE ndiyo ushahidi.

Aleli tatu za APOE hutofautiana katika herufi mbili tu, zilizo umbali wa herufi 138. Kwenye sehemu hizo mbili, zinazoitwa rs429358 na rs7412, mtu mwenye T na C kwenye uzi mmoja ana E3. C na C ni E4, T na T ni E2. Kwa watu wa asili ya Ulaya, nakala moja ya E4 huongeza hatari takriban mara tatu, na mbili huivusha mara nane na zaidi. Kwa watu wa Asia Mashariki athari ni kali zaidi. Kwa watu wa asili ya Afrika hupungua, na miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1990, nakala moja haikuonyesha athari yoyote ya maana, ilhali mbili ziliongeza hatari.

Kwa nini? Kinacholeta tofauti ni asili ya kipande chenyewe cha kromosomu kilichozunguka APOE, zaidi kuliko asili ya mtu kwa jumla. Mwaka 2021 vipimo vya viini vya seli za ubongo vilionyesha kwamba E4 iliyokaa kwenye kipande cha asili ya Ulaya huwashwa na seli kwa nguvu kuliko ileile iliyokaa kwenye kipande cha asili ya Afrika. Ona tulichopewa: jamii ambayo E4 yao huwashwa kidogo wanaumia kidogo. Huo ni mwelekeo, na unasema punguza. Miaka mingi ya kuongeza sampuli za Ulaya isingetoa jibu hilo, kwa kuwa tofauti hiyo haimo ndani yao.

Kuna na vibadala ambavyo usipofika huko huvioni. R145C ya APOE hupatikana karibu kwa watu wa asili ya Afrika pekee, na kwa mwenye E3/E4 hupandisha hatari. Ufutwaji wa herufi 44 katika ABCA7 umeonekana kwa Wamarekani Weusi, na kwao ABCA7 ilikaribia uzito wa APOE katika uchunguzi wa 2013. Zaidi ya hapo, jenomu za Afrika zina vipande vifupi vinavyorithiwa pamoja. Mahali ambapo takwimu za Ulaya zinakupa vibadala 60 vinavyoshukiwa kwa pamoja, za Afrika zinaweza kukuachia vichache mno.

Ugumu wake ni wa kazi za mikono. Vipimo vya kumbukumbu lazima vitengenezwe na kusawazishwa katika lugha na kiwango cha elimu cha wanaopimwa. Kutafsiri jaribio la Kiingereza na kutumia alama zake za kukatia kutawaita wagonjwa watu wasiosoma tu. Vizingiti vya p-tau217 navyo vithibitishwe upya. Katika hesabu, usiridhike na kusahihisha asili ya jumla. Kwa eneo la APOE, kadiria asili ya kipande chenyewe kwa kila uzi. Na usipokee majibu ya APOE kutoka kwenye chipu ya vinasaba bila kuyahakiki: eneo hilo lina G na C nyingi, rs429358 husomeka vibaya, na mtu mwenye herufi mbili tofauti katika sehemu zote mbili huandikwa E2/E4 kwa kukisia. Kwa kawaida dhana hiyo ni sahihi, ila aleli adimu ya E1 huitia dosari. Vipande virefu humaliza ubishi.

Ushirikiano wa READD-ADSP umelenga kuandikisha Waafrika 5,000 pamoja na maelfu ya Wamarekani Weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Anayeingia njia hii ahakikishe mkataba unasema wazi nani anahifadhi sampuli, nani anachambua kwanza, na mshiriki atajulishwa nini kuhusu APOE yake na nani wa kumweleza.

Njia ya nne: watu waliopaswa kuugua wakasalimika

Huko Antioquia, Colombia, kuna familia kubwa yenye mabadiliko ya PSEN1 yaitwayo E280A. Wenye mabadiliko hayo huanza kupoteza kumbukumbu katika miaka ya arobaini. Mwaka 2019 aliripotiwa mwanamke wa familia hiyo aliyefika miaka ya sabini bila kufikia hali hiyo, ingawa ubongo wake ulijaa amiloidi. Alikuwa na nakala mbili za kibadala cha APOE kiitwacho Christchurch, R136S, na tau yake ilikuwa kidogo. Mwaka 2024 watu 27 wa familia hiyo wenye nakala moja walionekana kuchelewa kuugua kwa takriban miaka mitano.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inatoa mwelekeo na ushahidi wa usalama kwa pamoja: mtu ameishi maisha marefu na kibadala hicho mwilini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa A673T ya APP iliyopatikana Iceland mwaka 2012, inayopunguza utengenezaji wa amiloidi kwa takriban asilimia 40, na P522R ya PLCG2, ambayo huongeza kidogo kazi ya kimeng'enya chake na kupunguza hatari.

Udhaifu wake ni idadi. Mtu mmoja ana vibadala mamilioni, na kumchagua kile chenye hadithi nzuri ni rahisi mno. Usidai ulinzi mpaka upate wabebaji wengine katika familia hiyohiyo, na mpaka seli zenye kibadala hicho peke yake zionyeshe athari. Wenye nafasi halisi hapa ni wale waliokwisha kuwa na familia wanazozifuatilia au vituo vya wazee wa miaka 90 na zaidi wenye E4/E4.

Njia ya tano: kazi ya jeni ndani ya seli

Hii ndiyo njia ya maabara yenye mikono mizuri na sampuli chache. Kielelezo chake bora ni BIN1. Kibadala kinachoshukiwa kiko nje ya jeni, kwenye swichi. Mwaka 2019 watafiti walitoa viini vya seli za ubongo, wakavitenganisha kwa aina, wakaona swichi hiyo iko wazi kwenye mikroglia (seli za kinga za ubongo) peke yake. Wakaikata kwa CRISPR (zana ya kuhariri vinasaba) katika seli shina, kisha wakazikuza kuwa aina tofauti za seli za ubongo. BIN1 ikapotea kwenye mikroglia, ikabaki palepale kwenye nyuroni na astrositi. Kwa jaribio moja ukapata jeni, seli, na mwelekeo wa swichi.

Ukitaka kufanya kama hivyo, hatua zenyewe ni hizi. Anza na mstari wa seli shina unaojulikana na wenye E3/E3, isipokuwa APOE ndiyo unayoichunguza. Hariri kibadala kimoja, uchukue angalau koloni mbili hadi tatu zilizohaririwa na mbili zilizopitia mchakato wote bila kuharirika. Kagua kromosomu kabla na baada: seli shina hupenda kujiongezea kipande cha kromosomu ya 20 kiitwacho 20q11.21, kinachozipa uhai mrefu, na koloni yenye kipande hicho itakupa tofauti isiyohusiana na jeni yako. Kagua pia kama uhariri umefuta nakala nzima ya upande mmoja. Kipimo cha kawaida cha PCR kitaonyesha nakala iliyobaki tu, nawe utaamini umehariri zote mbili. Kukuza mikroglia huchukua takriban siku 35 hadi 40: siku kumi na kitu za kwanza kuzifanya seli za asili ya damu, zilizobaki kuzikomaza. Rudia ukuzaji mara tatu kwa siku tofauti, kwani tofauti kati ya makundi ya ukuzaji mara nyingi huzidi tofauti ya kibadala. Na kubali kikomo hiki: seli shina zimefutiwa umri. Unachunguza ugonjwa wa uzee kwa seli changa.

Kusoma viini kimoja kimoja kutoka ubongo wa marehemu ndiko mwenzake. Hapa kosa kubwa ni la hesabu. Uchunguzi wa kwanza mkubwa, wa 2019, ulikuwa na viini 80,660 kutoka kwa watu 48. Ukimhesabu kila kiini kuwa shahidi huru, utapata jeni mamia zilizobadilika. Mashahidi wako ni 48 tu. Jumlisha viini vya aina moja kwa kila mtu, ulinganishe watu. Mikroglia nayo ni asilimia chache tu ya viini, kwa hiyo ukiwa na viini 2,000 kwa mtu huenda ukabaki na mikroglia zisizozidi mia. Ama zichuje kabla ya kusoma, ama usiandike lolote juu yake.

Njia ya sita: kuelekea tiba

Kati ya zana zilizopo, tofauti ya msingi ni kama unaweza kurudi nyuma. Vipande vya kuzima ujumbe wa jeni, vinavyodungwa kwenye uti wa mgongo, huisha nguvu baada ya miezi. BIIB080 inayozima MAPT ilishusha tau kwenye maji ya uti wa mgongo kwa zaidi ya nusu katika dozi za juu, kwa matokeo ya 2023. Mivelsiran inafanya vivyo hivyo kwa APP, na dozi moja hudumu kwa miezi. Virusi vinavyobeba jeni havirudi. LX1001, inayoingiza APOE2 kwa watu wenye E4/E4, ilijaribiwa kwanza kwa watu 15, na inaongeza E2 bila kuondoa E4. Kumbuka E2 nayo ina madhara yake: huongeza hatari ya kuvuja damu ubongoni, na E2/E2 huweza kuvuruga mafuta ya damu. Ukiimimina bila kipimo, umeruka majivu ukakanyaga moto.

Uhariri wa herufi unavutia kwa sababu hesabu inakubali. Kugeuza E4 kuwa E3 ni kugeuza C moja kuwa T, kazi hasa ya kihariri cha saitosini. Christchurch, hata hivyo, ni C kuwa A, ambayo kihariri hicho hakiwezi. Inahitaji uhariri wa aina ya prime. Kikwazo ni mzigo: kihariri kina herufi zaidi ya 5,000, kirusi kinabeba takriban 4,700, kwa hiyo lazima kigawanywe mara mbili na vipande vyote viwili vifike seli moja.

Na APOE ipunguzwe au iongezwe? Tofauti ya asili tuliyoitaja, pamoja na watu wachache walioripotiwa mwaka 2024 ambao nakala yao ya E4 imekatika na hawakuwa na amiloidi, vinatuelekeza kupunguza E4, tena ubongoni peke yake, kwa kuwa APOE ya ini inahitajika kusafisha mafuta ya damu. Tungeanza na zana inayorudi nyuma.

Mpaka hapo, jenetiki inatumika kliniki kwa jambo moja la uhakika: usalama. Kwa lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi, uvimbe wa ubongo uonekanao kwenye MRI ulitokea kwa asilimia 32.6 ya wenye E4/E4, 10.9 ya wenye nakala moja na 5.4 ya wasio nayo. Kwa donanemab, nyingine ya aina hiyo, ilikuwa 40.6, 22.8 na 15.7. Kutafuta vibadala vingine vinavyotabiri uvimbe huo ni mada ya miaka mitatu iliyo wazi, yenye mgonjwa halisi mwishoni mwake, na bado ina watu wachache.

Nani achukue ipi

Mwenye kompyuta na takwimu za wengine tu: kromosomu ya X, au kuunganisha maeneo 75 na swichi za mikroglia. Asidai jeni mpya. Mwenye maabara ya seli na watu wanne: njia ya tano, jeni moja, kibadala kimoja, aina mbili za seli. Hospitali inayotoa dawa za amiloidi: hifadhi vinasaba na MRI za kila mgonjwa kuanzia dozi ya kwanza, kwani baada ya uvimbe kutokea huwezi kurudi kupata picha ya mwanzo. Kituo chenye wazee wa jamii ambayo haijasomwa: wagonjwa 500 waliothibitishwa kwa p-tau217, walinganishwe na 500 wa umri uleule, vipande virefu kwenye eneo la APOE na ABCA7. Idadi hiyo haitafikia 5×10⁻⁸ kwa athari ndogo, na haihitaji: kwa jeni zenye uzito wa APOE na ABCA7 inatosha. Mfadhili mwenye fungu moja la kutoa, alitoe huko, na adai kwamba plazma igandishwe siku ileile ya kutoa damu.